Mikono ya Kocha Delmar Tvedt

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma hadi vinalia, familia imenituma mimi Karin, kifungua mimba wa marehemu, niwasomee safari yake, naye mwenyewe aliniagiza mapema kwamba akizikwa Jumamosi nisirefushe, maana mechi ni saa saba.

Delmar Tvedt alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika shamba la familia nje kidogo ya Fossdal, Minnesota, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Alvin na Mama Borghild, akasoma shule zote hapa hapa, kisha Chuo cha Fossdal kuanzia 1967 hadi 1971, alikocheza futiboli ya Kimarekani katika safu ya mbele, wale wanene wanaosukumana ili wengine wapigwe picha. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Ardis Lien katika kanisa hili, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Paul na Britt, na baada ya kufundisha hesabu sekondari alirudi chuoni mwaka 1986 akiwa kocha mkuu.

Kila mpira ulipotaka kuanzishwa, timu yake ilisubiri ishara moja, kofi moja la viganja, ambalo mazoezini alilipiga yeye mwenyewe, na vijana wa safu ya mbele walilizoea hivi kwamba hata kwenye harusi watu wakipiga makofi wao walishtuka. Mwaka 2009 alimleta Kendrick Batiste kutoka Louisiana awe kocha wa mashambulizi, naye Batiste akalifuta kofi, akataka mpira uanze kimyakimya, kwa kuinamisha kichwa na kuhesabu moyoni. Baba, asije akamwingilia, akaacha kwenda mazoezini.

Mazoezini mambo yalikwenda vizuri, lakini siku ya mechi vijana waliruka kabla ya mpira kuanzishwa, adhabu ya kurudishwa nyuma yadi tano, tena yadi tano, tukafungwa mechi tatu mfululizo, na wafadhili kwenye chakula chao cha Jumatatu wakaanza kunoa visu. “Mgeni kaja na uganga wake,” alisema Mzee Harlan Moe, muuza matrekta, “arudishwe kwao kabla theluji haijaanguka.”

Batiste alizitazama mechi zile upya kwenye video, akaingia ofisini kwa Baba, na Mama, aliyekuwa amepeleka kahawa, aliyasikia yote.

“Kocha, heshima yako iko palepale, ila vijana hawanisikilizi mimi. Wewe pale pembeni unapiga makofi.”

“Nawatia moyo!”

“Unawatia wazimu, Kocha. Tafadhali, mikono mfukoni.”

Baba akawa mwekundu, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Jumatatu akasimama mbele ya wafadhili akawaambia, “Mchawi mnayemtafuta ndiye huyu anayekula viazi vyenu. Mkimfukuza Batiste, nafungasha naye.” Mama akaishona upya mifuko ya koti, mirefu hadi karibu na magoti, Baba akaizamisha mikono humo msimu mzima, tukashinda mechi zote saba zilizobaki, na theluji ilipoanguka ilimkuta Mzee Moe amesimama juu ya kiti, anamshangilia mganga.

Marehemu alistaafu mwaka 2015, Batiste akashika nafasi yake, na Mei 2021 Baba akapata kiharusi kilichouchukua mkono wa kulia, na kilichomuuma zaidi, alisema waziwazi, ni kwamba hawezi tena kupiga makofi. Basi kila Ijumaa Batiste alikuja, akamkingia kiganja chake, Baba akakipiga kwa mkono wa kushoto, wakacheka kama watoto. Alifariki nyumbani tarehe 5 Novemba 2023, alfajiri, Mama akiwa ameushika mkono ule wa kushoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mlioleta vyakula hadi friji ikakataa kufunga, walimu wenzake, na wachezaji wa miaka yote.

Jeneza litabebwa na vijana sita wa safu ya mbele, na kwa agizo lake hawataanza kimyakimya, ila kwa ishara ya zamani, na leo tu, atakayeruka mapema hana adhabu.

Pumzika kwa amani, Baba, na mikono sasa itoe mfukoni.

Kocha Batiste, tupigie kofi.