Generosa Aliyewarudia Wagonjwa wa Figo wa Kondoa

Baba Mchungaji, viongozi wa mtaa wetu wa Nzuguni, majirani, na ninyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Kondoa, mimi ni Sostenes, baba mdogo wa marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya binti yetu Generosa Chilewa, nami nitasoma taratibu, maana kusoma nilijifunza mwenyewe ukubwani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari hapa Dodoma mjini hadi 1976, na baada ya hapo akajiunga na mafunzo ya uuguzi, aliyohitimu mwaka 1980. Januari 1981 alipangiwa kazi Kondoa, na huko ndiko alikokutana na Elisante, mtumishi wa serikali kutoka Singida, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto wawili, Anthony mwaka 1986 na Anjelina mwaka 1989.

Machi 1995 ulikuja mradi wa wafadhili wa kutafiti ugonjwa wa figo, naye akachaguliwa kuwa mratibu, kazi yake ikiwa kuzungukia nyumba za wagonjwa waliokubali kushiriki, kuwaeleza kila jambo kabla hawajaweka saini au dole gumba, na kusafirisha vipimo vyao hadi maabara. Wakati ule uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeshaanza hospitalini, watu walilipia hata kufunguliwa jalada, lakini mgonjwa wa mradi alitibiwa bure, kwa hiyo kila mmoja aliogopa kuondolewa.

Kila mshiriki aliachiwa dumu akusanye mkojo wake wote wa mchana na usiku mmoja, na kwa huo wataalamu walikadiria figo zinavyochuja. Mzee Mustapha, fundi cherehani wa Kondoa, alipopewa la kwake alicheka akasema, "Sista, dumu lote hili? Umeniona ng'ombe?" na Generosa akamjibu, "Baba, lete ulichonacho, hata kikombe," lakini dumu lilipochukuliwa lilikuwa limejaa, figo zake zikaonekana nzima, akaambiwa hana haja ya kufuatiliwa tena, na tarehe 2 Juni 1997 akafariki, mwili wote umevimba.

Mjane wake, Bi Batuli, yuko nasi hapa, na ameniruhusu kusema kwamba siku ya msiba alimshika Generosa mkono akamwambia, "Mwanangu, nilimjazia mimi, kwa mkojo wangu. Lilikuwa tupu, nikaona aibu kwa wageni, nikaogopa mtamfuta." Generosa hakumlaumu, alikaa naye hadi matanga yakaisha, ila tangu siku hiyo hakuwa yule tuliyemjua, akisonga ugali alisimama na mwiko mkononi, akauliza watu wasiokuwepo jikoni, "Na nani mwingine?"

Aliwaeleza wakuu wa mradi, wakasema hesabu zimeshafungwa, na mwaka 1998 mradi wenyewe ukafungwa, karatasi zenye majina ya wagonjwa zikaondoka na wafadhili. Alihamia Nzuguni na mumewe mwaka 1999, lakini kila likizo alirudi Kondoa, akaenda nyumba kwa nyumba kwa kukumbuka njia tu, na kwa kuwa aligundua kwamba wanaume, wakiulizwa kama mkojo ulikuwa wao, huitikia ndiyo kwa heshima, aliingia jikoni kwa akina mama, akachambua mboga nao mpaka mmoja akasema, "Sista, hata mimi." Waliopimwa tena na kukutwa wagonjwa ni wengi kuliko tulivyoomba Mungu wawe, baadhi wakawahi dawa, wengine alifika akaonyeshwa kaburi.

Aliugua shinikizo la damu kwa miaka mitatu, na tarehe 19 Mei 2003 akapata kiharusi, ulimi ukawa mzito, lakini Anjelina, aliyekuwa akimlisha, alimsikia akitaja majina ya vijiji ambavyo hakuwa amevifikia, hadi alipofariki tarehe 9 Juni 2003, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nzuguni waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake, na watu wa Kondoa, Waislamu kwa Wakristo, mliokuja kumzika.

Jambo la mwisho ni ombi lake kwa wale ambao hakuwafikia, nasi hatuna majina ya kuwaita. Daktari Swalihu, aliyefanya naye kazi, atakaa nyuma ya turubai baada ya maziko, na mama yeyote aliyemjazia mwenzake dumu, au mgonjwa yeyote aliyejaziwa, asogee amwambie, apangiwe siku ya kupimwa upya, hataulizwa kwa nini alifanya hivyo, wala jina lake halitatajwa kwa mtu.

Generosa, binti yetu, pumzika sasa kwa amani, tunawasubiri waje.