Mzee Hesbon Khaemba na Ruhusa ya Somo la Arobaini

Mzee Hesbon Khaemba Sifuna alizaliwa tarehe 14 Aprili 1950 huku Kibabii, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Festus Sifuna na marehemu Mama Nasambu. Mama yake alipenda kusimulia kwamba Hesbon alichelewa kutembea kwa sababu hakukubali kuinua mguu wa pili kabla ya kuhakikisha wa kwanza umekanyaga vizuri. Waliomjua hawatapata shida kuliamini hilo.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kibabii kuanzia 1958 hadi 1965, akatahiriwa Agosti 1966 pamoja na rika lake, kisha akasoma sekondari kwa miaka miwili, mpaka karo ikawashinda wazazi.

Mwaka wa 1971 aliajiriwa na reli, na mwaka uliofuata akapelekwa stesheni ya Kitale. Alipanga chumba mtaa wa Tuwan. Siku hizo treni ilikuwa treni kweli. Mtu aliisikia ikija akiwa bado kitandani, na mji mzima ulijua ni saa ngapi. Reli ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna treni iliyoondoka kabla stesheni ya mbele haijasema njia iko wazi na dereva hajakabidhiwa chuma cha ruhusa. Kazi ya Hesbon ilikuwa kukitoa chuma hicho. Siku moja bwana mkubwa aliyechoka kungoja alishuka akamfokea, "Wewe unajua mimi ni nani?" Hesbon akajibu, "Hapana, mzee. Na hata stesheni ya mbele haikujui." Bwana yule alirudi kukaa. Hesbon alihamishiwa Bungoma mwaka wa 1979, akahudumu hapo hadi alipostaafu mwaka wa 2000, wakati abiria walikuwa wamebaki wa kuhesabu.

Phelista Nabwile alikuwa akiuza njugu karanga pale stesheni ya Kitale. Mwaka wa 1974 Hesbon alinunua kinanda cha mdomo katika duka la Mzee Bashir, akawa anapuliza kila Phelista akipita. Alijua wimbo mmoja tu, wa kanisani, na hata huo alikuwa anaukosea. Phelista alimwambia waziwazi, "Hesbon, hiyo si wimbo. Hiyo ni kupumua tu." Hata hivyo alikubali posa, na walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Kile kinanda watoto walikilisha uji kikafa. Hesbon hakununua kingine, lakini maneno ya mke wake hakuyasahau.

Mnamo 2021 bintiye Fridah, muuguzi anayeishi Tuwan, alimletea kinanda kipya, akamwandikisha masomo ya bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, kwenye mtandao. Masomo yalikuwa arobaini, yamepangwa kwa ngazi. Baada ya kila somo mwanafunzi alijirekodi kwa simu, akamtumia mwalimu huko ng'ambo, akangoja kuambiwa apite au arudie. Hapo Mzee alifurahi mno. Alisema hatimaye amepata watu wanaoendesha mambo kama stesheni.

Basi kando ya tangi la maji, mahali penye mtandao mzuri, pakawa darasa lake. Somo la tisa lilikuwa la kuiga treni. Mzee alimwandikia mwalimu ukurasa mzima, akimweleza kwa heshima kwamba treni iliyovuta mabehewa ya mahindi kutoka Kitale haiwezi kuanza kwa mwendo kama huo, na kwamba filimbi hutangulia. Mwalimu alimshukuru, akampitisha. Mzee alitembea na simu wiki nzima akionyesha watu.

Somo la kumi na saba, la kupinda sauti, lilimkwamisha miezi kumi na sita. Kila mara jibu lilikuwa arudie. Fridah alimwonea huruma. "Si uruke tu, baba? Hakuna mtu anakuona."

"Na treni ikitoka ule upande mwingine?"

"Baba, ni muziki bana. Si reli."

"Wewe enda ukapime watu presha," alimjibu.

Aliyemkwamua ni Mama Phelista, ambaye siku moja akichagua maharagwe alisema bila kuinua kichwa, "Toa hayo meno ya kubandika." Mzee aliyatoa, akavuta pumzi, na sauti ikapinda. Walicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

Mei 2024 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu. Walimwambia kinanda kingemsaidia kuzoeza pumzi, lakini ugonjwa hautarudi nyuma. Yeye alihesabu masomo yaliyobaki, akahesabu miezi hadi 20 Desemba 2025, siku ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa. Somo la mwisho lilikuwa mwanafunzi atunge bluzi yake mwenyewe. Alitaka kumpigia Phelista mbele ya watu, ili aone kwamba amejifunza zaidi ya kupumua. Wimbo huo aliufanyia mazoezi mwisho wa shamba, ng'ambo ya migomba, na mke wake alikatazwa kukaribia.

Tarehe 6 Novemba, alipoenda kliniki Kitale, aliurekodi nyumbani kwa Fridah. Pumzi ilimkatikia katikati, akanyamaza, kisha akamalizia. Fridah aliutuma jioni hiyo. Mzee aliporudi nyumbani, akisindikizwa na Fridah, alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mama Phelista alimwomba, "Baba Fridah, si nisikie tu hiyo ya simu?"

"Ruhusa bado," alisema.

Mama alikasirika, na alisema tuandike hivyo. Aliondoka chumbani, akaenda kulia jikoni. Kisha alirudi, akamshika mkono, na kila asubuhi alikuwa yeye wa kuuliza, "Fridah, wamejibu?"

Mzee Hesbon alituacha Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, jibu likiwa halijafika.

Ameacha mjane, Mama Phelista Nabwile, watoto wawili, Fridah wa Tuwan na Hiram wa Bungoma mjini, mkwewe Chelimo, wajukuu saba, na dada yake Nasambu, ambaye mama yao aliitwa kwa jina lake. Tunamkosa sana. Tangi la maji pale nyumbani limekuwa kimya hata kuku wanalishangaa.

Ijumaa tarehe 14, tukiwa kwenye mkutano wa mazishi, simu ya Fridah ililia. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba Mzee amepita somo la arobaini, na kwamba pale aliponyamaza katikati ndipo palipompendeza zaidi. Fridah alimuuliza mama yake kama angetaka kuusikia hapo hapo. Mama Phelista alikataa. Alisema wimbo ulitengenezwa upigwe mbele ya watu, na yeye angengoja watu.

Watu ndio ninyi. Jana usiku tulimuuliza tena kama yuko tayari, naye akajibu, "Ruhusa imekuja. Aende."

Kwa hiyo tunaomba kila mmoja anyamaze kidogo. Fridah ataiweka simu karibu na kipaza sauti, na Mama Phelista amesogezewa kiti mbele. Wimbo ukikatika, msipige makofi bado. Anavuta pumzi tu, ataendelea.

Pumzika kwa amani, Hesbon. Njia iko wazi.