Sista Taratibu na Sherehe ya Ghorofani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi kiongozi wa kliniki yetu ya viungo, tuliyezoea kumwita Sista Taratibu, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Makala haya yalipaswa kuwa ya shangwe tupu. Yatakuwa ya shangwe kiasi, kwa sababu ambazo msomaji ataziona.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia kwetu wakati wagonjwa wa baridi yabisi walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri ili daktari awatupie jicho na kuwaandikia vidonge vilevile. Ni yeye aliyeomba wauguzi waachiwe kliniki hiyo, daktari aitwe pale tu mambo yanapozidi. Mwanzoni wagonjwa walinuna. Dereva mmoja mstaafu alikaa akiutazama ukuta, akisema hakupanda mabasi mawili kuja kuonana na nesi. Sista hakubishana naye. Alimuuliza ni jambo gani nyumbani anaona haya kuomba asaidiwe. Mzee akakiri kwamba mke wa mwanawe ndiye anayemfungia vifungo vya shati. Tangu siku ile hataki mwingine. Hata daktari akichungulia mlangoni, humwambia apite tu.

Swali hilo alimuuliza kila mgonjwa. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, alimweleza kwamba asubuhi hawezi kushika mkasi na kwamba anamficha mumewe. Sista alimfundisha kunyoosha vidole ndani ya maji ya uvuguvugu, akawa anampima damu kabla ya kumwongezea dawa, na akampa namba ya simu ya kliniki ili asingoje miadi viungo vikivimba. Sisi wenzake alituendesha kama watoto: ukikimbia koridoni, alikurudisha utembee upya. Ndiyo asili ya jina lake.

Sasa aibu yetu. Kamati ya kumuaga, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilichagua ukumbi wa ghorofa ya tatu kwa sababu una mapazia mazuri. Lifti ni mbovu tangu mwaka jana. Tukawaalika wagonjwa wake wa magoti na nyonga, kisha tukapanda juu kupuliza maputo. Watu wa kliniki ya viungo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria ngazi.

Saa ikafika, mstaafu haonekani. Nilishuka nikamkuta kwenye benchi chini ya ngazi, katikati ya wagonjwa wake waliovaa nguo zao za kutokea. Nilimwambia watu wanamsubiri. Akanijibu kwa upole kwamba watu wake wako hapa. Nikaanza kumwomba radhi fundi cherehani, uso ukiniwaka, naye akanikatiza bila hasira:

"Usijali, mwanangu. Tumezoea. Ya huko juu huwa tunasimuliwa."

Afadhali angenitukana.

Tulishusha kila kitu: viti, spika, keki, na mganga mkuu pamoja na hotuba yake ndefu. Wagonjwa walimuaga mmoja mmoja kwa mkono, na aliupokea kila mkono bila kuubana.

Ahsante, Sista, kwa kuwasikiliza watu hadi kwenye yale wanayoyaonea haya. Tunakutakia maisha mema, afya tele na asubuhi zisizo na foleni mlangoni.

Ulipokwisha kuondoka, fundi cherehani aliniuliza Jumatatu atamkuta nani kliniki. Niliona haya kumjibu kwamba atatukuta sisi.