Mbwa Aliyemsikiliza Khamis

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu. Mnaonijua mtashangaa kuniona nimesimama hapa. Mimi ndiye yule wa kuuliza maswali kila ibada inapoisha, na hata leo sijamaliza kuuliza. Lakini neno hili limenikaa kooni, na ni la aibu.

Ninalala kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah, hapa Dubai, chumba cha watu sita, na kazi yangu ni ulinzi kwenye jengo moja la Jumeirah Lake Towers. Kwa kuwa nina digrii, wenzangu wananiita Profesa, na fomu zote za chumba nazijaza mimi. Nilipenda hivyo.

Kitanda cha chini ya changu analala Khamis, msafisha vioo kutoka Unguja. Mwaka huu mkewe alifariki, akazikwa kabla Khamis hajapata ruhusa ya kusafiri. Akaacha kuzungumza. Chakula alikigusa tu. Tulimpa pole, kisha tukarudi kwenye simu zetu.

Ndipo tukatangaziwa kwamba watu wa kujitolea watakuja kambini Jumapili na mbwa waliofunzwa kukaa na wenye majonzi. Msimamizi wa kambi akanipa karatasi niandike wanaotaka. Nilicheka chumba kizima kisikie: "Mtu anahitaji likizo, analetewa mbwa."

Khamis akainua kichwa. "Niandike na mimi."

"Wewe Muislamu, mbwa wa nini?"

"Akinilamba nitajitwaharisha. Niandike, Profesa."

"Inshallah," nikamjibu, ile ya kumaliza maneno. Sikumwandika. Nilijiambia kwamba namlindia heshima na dini yake.

Jumapili alioga, akavaa shati alilopiga pasi mwenyewe. Mlangoni pa ukumbi wa chakula, mlinzi wa kambi akapitisha kidole kwenye karatasi yangu. "Jina lako hamna, khalas, rudi." Mimi nilikuwa nyuma ya Khamis, kalamu mfukoni. Nilinyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza.

Khamis akarudi kitandani, akageukia ukuta. Siku mbili hakupanda basi la kazini. Msimamizi akasema akikosa ya tatu, atarudishwa kwao. Nilijaribu kusali nikashindwa hata kuanza, maana kila nikifumba macho naliona lile shati. Mwisho nikapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Kaka Khamis, sikukuandika. Ni mimi."

"Najua. Nilikuona mlangoni."

"Nisamehe."

"Kamwambie aliyekupa karatasi."

Nikaenda, nikasema yote mbele ya msimamizi na wenzangu. Walinicheka, na nilistahili. Msimamizi akampa Khamis siku moja zaidi, akampigia simu mama mmoja wa wale wa kujitolea, naye akakubali kuja kesho yake alasiri.

Mbwa wake, jike jeusi, alilaza kichwa juu ya kiatu cha Khamis. Kisha Khamis akaanza kumsimulia jinsi mkewe alivyokuwa akimgombeza kwa kuchelewa chakula, na katikati ya maneno akalia kwa sauti. Mbwa hakumuuliza chochote. Mimi nilibaki nje ya mlango, sikuthubutu kuingia.

Asubuhi iliyofuata Khamis alipanda basi.

Hajaniita tena Profesa, na sijui kama amenisamehe. Najua Mungu amenifungua kutoka katika ugonjwa wa kumjibia mtu kabla hajasikilizwa, na namshukuru, ingawa bado naona haya kumtazama. Kama nawe kuna mtu umemfungia mlango ukidhani unamtetea Mungu, mtumaini Yeye, anapokea hata wanaokuja wameinamisha kichwa. Lakini anza kwa mtu huyo. Nenda leo, angali yupo.