Siku Anselimu Alipoishusha Valdeoro

Benchi letu lilikuwa barazani kwa Rafaeli, fundi cherehani, karibu na soko la Sumbawanga, na upepo wa Julai ulikuwa ukitukata masikio hata jua likiwa utosini. Rafaeli tulimwita Refa, kwa sababu aliwahi kupuliza filimbi mechi moja ya shule na hakuacha kuizungumzia. Mzee Sadoki tulimwita Redio, kwa kuwa yake ilikufa betri na tangu hapo akawa anatangaza mwenyewe. Adolfu ndiye aliyekuwa na birika. Sukari ilishapotea madukani, tukawa tunakunywa kahawa kavu na kukunja uso. Mimi nilitengeneza baiskeli hapo pembeni. Na mwisho wa benchi alikaa Ndugu Tuntufye, karani wa kilimo, mtu wa Mbeya, mkimya. Enzi sisi sote tukiwa mkoa wa Mbeya alikuwa beki wa timu ya mkoa. Mwaka uliotangulia, tulipokatiwa mkoa wetu wa Rukwa, wakubwa walitazama huku na huku, wakaona hakuna mwingine anayeujua mpira, wakamkabidhi timu aifundishe. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi. Jumapili yake Rukwa ilikuwa icheze na Mbeya, hapahapa kwetu.

Mara akatokea Flavian, mpishi wa misheni, anakimbia na aproni yake kiunoni.

— Jamani! Anselimu!

— Amekufa? akauliza Refa.

— Afadhali angekufa!

Adolfu aliteremsha birika chini. Anselimu alikuwa mtu wetu. Padre wa pale misheni, Mhispania, alikuwa akiletewa magazeti ya kwao na dada yake. Yalichukua miezi miwili njiani. Jioni akiyasoma mezani alimtafsiria Flavian, na Flavian alituletea sisi. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukipokea habari za mtu mmoja tu, Anselimu Barondo, beki wa kushoto wa timu ya Valdeoro, mji aliozaliwa huyo padre. Tulimjua kuliko tulivyowajua baadhi ya shemeji zetu. Baba yake alikuwa mpasua mawe. Aliingia Valdeoro mwaka arobaini na sita, miguu imepinda, akacheza miaka kumi na mitano bila kuhama. Timu ya taifa aliitwa mara moja, akavunjika mfupa wa bega dakika ya ishirini, hakuitwa tena. Mwaka waliochukua kombe alitoa mpira kwenye mstari wa goli kwa kichwa kilichofungwa bendeji. Alipostaafu akawa kocha, timu ndogo hapa, timu ndogo pale, mpaka Valdeoro wakamrudisha awe meneja wao. Siku hiyo Adolfu alitupa kahawa bure. Mechi nane tu, wakamfukuza. Barua alipelekewa na mlinzi wa uwanja, na mlinzi alilia wakati wa kumpa.

— Haya, sema, Redio alimwambia Flavian. Kaa kwanza. Pumua.

— Sikai. Mnakumbuka alikwenda kufundisha San Telmo, timu ya wavuvi?

— Tunakumbuka.

— Siku ya mwisho ya ligi, San Telmo na Valdeoro. Anayefungwa anashuka daraja. Uwanja ni wa Valdeoro.

— Yesu na Maria, nikasema mimi.

— Moja bila. Anselimu ameishusha Valdeoro! Tangu timu hiyo izaliwe haijawahi kushuka!

Refa alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa taratibu akaichomeka kwenye koti lake.

— Mpira ndivyo ulivyo, akasema mwishowe. Kocha lazima ashinde. Hakuna kosa hapo.

— Ngoja umsikie alivyoshinda, akasema Flavian. Kule Valdeoro kona ya kushoto, karibu na bendera, pana bonde dogo. Chini kuna maji. Mpira ukitua hapo haudundi, unakufa. Nani analijua bonde hilo?

— Beki wa kushoto, akasema Adolfu.

— Aliyesimama hapo miaka kumi na mitano! Beki wao wa sasa ni mgeni, hana hata mwaka. Dakika ya themanini na moja Anselimu akawapigia vijana wake kelele: kushoto kwao, pigeni kushoto kwao! Mpira ukatua. Beki akasubiri udunde. Haukudunda. Yule winga akauchukua, akaingia nao, goli!

— Aaaa! Redio alishika kichwa kwa mikono miwili. Hapana! Siri ya nyumbani!

— Na watu hawakutupa mawe. Walisimama uwanja mzima wakampa mgongo. Padre aliponisomea hapo alikunja gazeti, akaondoka mezani. Mchuzi umepoa, hajaugusa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Nadhani kila mtu alikuwa anatafuta mahali pa kuuweka ule mshtuko.

— Ni kisasi, akasema Refa. Walimfukuza kwa barua. Mtu aliyekuchezea miaka kumi na mitano unamwandikia barua?

— Anselimu hana kisasi, akasema Flavian. Alivunjwa bega, alimpa mkono aliyemvunja.

— Basi alipangiwa, akasema Redio. Serikali ya kule imekaa, imesema mji huu una timu nyingi mno, hii ihamie daraja la chini. Kwani sisi hatujaona watu wakipangiwa vijiji? Unaamka kwako, unalala kwingine.

— Mzee Sadoki, punguza sauti, nikamwambia, kwa maana balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anapita upande wa pili na debe la maji.

— Mimi nawaambia si Anselimu, akasema Refa. Ni mtu anayefanana naye. Mimi kama refa ningemkagua.

— Ungemkagua nini, pembe? Sikilizeni, akasema Adolfu, na macho yamemtoka. Lile bonde alilichimba mwenyewe! Kwa njumu zake! Miaka kumi na mitano, kidogo kidogo, kila Jumapili, akijua siku moja atalihitaji!

Tungecheka siku nyingine. Siku hiyo Redio alitikisa kichwa kama aliyeambiwa habari za msiba.

— Kama alilichimba ama hakulichimba, akasema, mtu wa namna hiyo mimi simpi mkono. Akija hapa Sumbawanga akakaa kwenye benchi hili, nainuka.

— Hata mimi nainuka, akasema Refa.

— Na kahawa simmiminii, akasema Adolfu.

Ndipo Tuntufye akasema. Alikuwa hajafungua mdomo tangu Flavian aje.

— Basi inukeni.

Tulidhani anatania.

— Inukeni, ndugu zangu. Mimi nimeshafanya.

— Umefanya nini, Ndugu Tuntufye? nikamwuliza.

Alikizungusha kikombe mkononi. Kilikuwa kitupu.

— Golikipa wa Mbeya mnamjua?

— Nani asiyemjua Suma, akasema Redio. Mdogo wako, tumbo moja. Mwaka mzima hajafungwa zaidi ya magoli matatu.

— Bega lake la kushoto halipandi. Mkono ukifika hapa, unagoma. Alituonyesha usawa wa sikio. Mipira ya juu upande wa kushoto anaidaka kwa ujanja, anasogea mapema, watu hawagundui. Kocha wake hajui. Wenzake hawajui. Ninajua mimi na mke wangu. Leo asubuhi mazoezini niliwaita washambuliaji wangu wawili, nikawaambia: pigeni juu, kushoto kwake.

Upepo ulipeperusha vipande vya kitambaa vya Refa mpaka barabarani na hakuinuka kuvifuata.

— Mdogo wako, akasema Flavian polepole. Mdogo wako kabisa.

— Wakubwa wa mkoa waliniita ofisini. Wakaniuliza, Ndugu, wewe ni mtu wa Rukwa au ni mtu wa Mbeya? Watoto wangu wamezaliwa hapa. Ninakula hapa. Nikajibu, mimi ni wa Rukwa. Sasa mtu wa Rukwa anajua jambo kama lile, analificha?

— Bega hilo aliumia wapi? aliuliza Adolfu.

Tuntufye alikiweka kikombe chini.

— Kwangu. Alikuja likizo kunisaidia kuezeka nyumba, kule mtaa wa Izia. Nilikuwa juu, yeye ananipandishia bati kwa ngazi. Ngazi niliifunga mimi. Haikukaza.

Redio alikuwa amesema angeinuka. Hakuinuka. Mimi nilikuwa na tairi magotini na sikukumbuka nilitaka kulifanya nini.

Wakati huo akaja Atusaye, mke wa Tuntufye, anatembea haraka, kitenge kimefungwa juu ya sweta, uso umejaa furaha. Yeye hakuwa amesikia lolote.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, tukajibu, kila mtu kwa wakati wake.

— Baba Tusajigwe, akamwambia mumewe, wageni wamefika! Lori la Mbeya limeingia sasa hivi, vumbi tupu, hata huwezi kuwatambua. Shemeji Suma ameruka chini wa kwanza. Amekonda, lakini anacheka vilevile. Timu imepewa madarasa ya shule walale, ila yeye mwalimu wao amemruhusu. Anauliza, alale kwetu au alale na wenzake?

Tuntufye alimtazama. Sisi tulimtazama Tuntufye, kisha tukaona aibu, tukatazama barabara.

— Mbona kimya? akauliza Atusaye, tabasamu lake likianza kupungua. Baba Tusajigwe? Nimwambie nini? Amesimama kule kwenye lori na kifurushi chake, anasubiri.