Loretta Hruska, Mkono Uliozilainisha Glavu Zetu

Tarehe 28 Septemba 2019, baada ya mechi ya mwisho ya msimu, Bi. Loretta Hruska atafunga chumba cha vifaa cha klabu yetu ya besiboli, Korongo wa Wapsie Bend, na kukabidhi funguo ofisini. Ametutumikia miaka thelathini na minane. Katika muda huo klabu imebadilisha makocha kumi na wanne, wamiliki watatu, na jezi za rangi ambazo ni afadhali tusizitaje. Loretta amebadilisha miwani tu.

Aliajiriwa Aprili 1981 kufua jezi. Alikuwa amekulia katika karakana ya baba yake ya kushona matandiko ya farasi, na wiki yake ya pili tu hapa alimkuta mchezaji akiunga glavu yake ya kudakia mpira, iliyokatika, kwa kamba ya kiatu. Akamnyang'anya. Kesho yake glavu ilirudi na kamba mpya ya ngozi, imefumwa vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Mwezi haukuisha, kazi ya kufua akapewa mtu mwingine.

Mchezaji wa besiboli atakuazima gari lake bila kukuuliza unakwenda wapi, lakini glavu yake hutaitia mkono. Ngozi hujifunza mkono wa mwenyewe. Mkono mgeni ukiingia hata mara moja, mwenyewe atajua, na atanuna wiki nzima. Loretta aliiheshimu desturi hiyo kuliko wachezaji wenyewe. Mumewe, marehemu Milo, alimchongea mkono wa mbao, na kila glavu aliyoitengeneza aliijaribu kwa huo.

Masharti yake sote tunayajua. Glavu iliyolowa ifutwe, ijazwe magazeti, ikauke polepole kivulini. Mafuta yawe kidogo, ya kulowesha ncha ya kidole, tena yapakwe kwa kitambaa. Mpira ukae ndani, glavu ifungwe mkanda na ilale hivyo. Aliyekiuka alijuta. Kuna mrushaji mmoja mwenye kujiona aliyeleta glavu inayochuruzika mafuta, na Loretta akamuuliza mbele ya timu nzima, "Kaka, hii umeitunza au umeikaanga? Lete na limau basi, tule." Mpaka anahama klabu, yule bwana aliitwa Samaki.

Lakini nisingependa aondoke bila kuwasimulia habari za Curtis Oyler, maana wengi wenu mlikuwa bado hamjaajiriwa.

Ilikuwa Agosti 2006. Curtis alikuwa akisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambako mipira huja kama imetumwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, umri ambao katika ligi ndogo kama yetu watu huanza kukuuliza una mpango gani mwingine. Kocha alimwambia wazi kwamba Ijumaa wangekuja wasaka vipaji wa klabu kubwa. Wasipomchukua, mkataba wake hautaongezwa, na atarudi kwao kuendesha lori la mjomba wake.

Jumamosi kabla ya hapo mvua ilitunyeshea na glavu yake ikalowa chapachapa. Loretta alikuwa harusini. Kwa kukosa subira, Curtis akafuata ushauri ambao kila mchezaji ameusikia na kila mwenye jiko ameulaani: aliipaka glavu mafuta, akaitia kwenye oveni ya shangazi yake. Ilipoanza kufuka moshi akaitoa kwa mkono mtupu, tena wa kushoto, ambao ndio anaouvalia glavu.

Jumatatu alikuja chumba cha vifaa kiganja kimefungwa bendeji, glavu imekakamaa kama mkate wa juzi. Loretta alishika kamba moja kwa vidole viwili, ikakatika.

"Hii imekufa, mwanangu," alisema. "Ningekuchapa, ila naona umeshajichapa mwenyewe."

Glavu mpya ilikuwepo, lakini glavu mpya ni ngumu. Mpira ukiingia unaruka nje, na inahitaji kudakiwa wiki kadhaa ndipo ilainike. Curtis alikuwa na siku nne, na daktari alimkataza kudaka hata mpira mmoja kabla ya Ijumaa. Loretta aliikanda, akaipiga kwa nyundo ya mbao, akaivisha ule mkono wa mbao na kuikunja mpaka jasho likamtoka. Haikutosha. Ngozi ilitaka mkono wa mtu hai na mipira ya kweli, na hakuna mchezaji aliyekubali kuingiza mkono katika glavu ya mwenzake wiki kama ile. Walisema ni mkosi.

Curtis ndiye aliyelitamka. "Mama Loretta, ingiza wako."

"Wangu? Nina miaka hamsini na mitano. Juzi harusini hata maua aliyoyarusha bibi harusi yalinipita!"

"Ikiharibika, iharibike. Lakini iwe mkononi mwako."

Tulikwenda nyuma ya jukwaa la mashariki, mimi nikitia mipira kwenye mashine ya kurushia. Wa kwanza ulimpiga begani. Wa pili ukampita. Wa tatu akaudaka, akatukana kwa Kicheki, lugha ya kwao. Jumanne alidaka mia mbili asubuhi na mia mbili alasiri. Jumatano na Alhamisi vivyo hivyo. Nilipopunguza kasi ya mashine alinifokea: "Earl, hiyo huruma yako itamrudisha Curtis kwenye lori. Rudisha kasi!" Alhamisi jioni aliifunga glavu na mpira ndani, akampa mwenyewe.

Ijumaa, mchezo ukiwa mgumu, mpira ulipigwa chinichini mbali na Curtis. Alijirusha mzima mzima, mkono wa kushoto umenyooka, na mpira ukaingia katika ile glavu ukatulia. Jumatatu alipanda ndege. Alicheza miaka sita huko juu, na kila mwaka, kabla ya msimu, alimpelekea Loretta glavu mpya kwa posta ili atangulie kuidakia yeye.

Sasa nafika pale ambapo Loretta ameniomba mara tatu nisiandike. Jumanne ile, kwenye mpira wa thelathini hivi, nilimwona amegeuka, akainama kidogo. Nikamuuliza kama tupumzike. Akasema jua limemwingia machoni. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali kupimwa mikono, na daktari alipoitazama picha akamuuliza kidole cha shahada cha kushoto kilivunjika lini. Kilivunjika mahali pawili. Alidaka mipira zaidi ya elfu moja juu ya kidole hicho, akamuaga Curtis kwa tabasamu, na hadi leo hakinyooki. Nilikuwa nimesimama mita kumi na nane tu mbele yake, na sikujua. Nimeona aibu.

Curtis naye hakujua. Aliwahi kumwandikia kwamba haelewi kwa nini kila glavu iliyopitia kwake huwa na kijipindo upande wa kidole cha shahada, na kwamba mpira ukitua hapo hautoki. Aliomba amfundishe namna ya kukitengeneza. Loretta hakumjibu.

Mama Loretta, nimemtumia Curtis makala haya kabla ya jarida letu la klabu kuchapwa. Nikasirikie, nimestahili. Klabu nzima inakushukuru, nasi tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na bustani isiyo na magugu. Curtis amejibu kwamba tarehe 28 atakuwa mlangoni kwako, na kwamba safari hii atakuja kukushika mkono wa kushoto.