Miaka Miwili ya Bwana Ip
Na Fung Pui-lam, Karani Mwandamizi, Mapitio ya Mishahara

Bwana Ip Sau-kei amepoteza miaka miwili ya utumishi. Ilipotea Jumatatu, tarehe 2 Juni 1947, siku aliyoajiriwa. Aliulizwa umri, akajibu kama mama yake angejibu: ishirini na mmoja. Kwetu mtoto huzaliwa ana mwaka mmoja, na kila Mwaka Mpya wa Kichina humwongezea mwingine. Yeye alizaliwa tarehe 10 Januari 1928, wiki mbili kabla ya sikukuu hiyo. Kwa hesabu ya serikali alikuwa na kumi na tisa. Faili likaandikwa 1926, ndiyo maana Jumamosi hii, tarehe 10 Januari 1981, anaagwa kustaafu kwa kutimiza miaka hamsini na mitano asiyokuwa nayo.

Kwa miaka thelathini na mitatu na miezi saba amepitia mishahara ya watumishi wa serikali hapa Hong Kong. Mwaka 1965, mishahara ilipopandishwa, aligundua kwamba wafuaji nguo arobaini na mmoja wa hospitali walikuwa wamelipwa kimakosa zaidi ya stahili yao. Mkuu wa wakati huo alitaka wakatwe pesa hizo zote kwa mkupuo, mwezi wa sikukuu.

"Na watoto wao, Mkuu, tuwapikie supu ya risiti?" Bwana Ip aliuliza.

Wakakatwa dola nane kwa mwezi. Hadi leo wafuaji hao humletea keki ya figili kila Mwaka Mpya, naye hutugawia ofisi nzima, vipande vimepimwa kwa rula.

Mapitio hayo yalimfikisha kwenye faili lake mwenyewe. Alikuwa amelipwa mshahara wa mtu mzima kabla ya kutimiza miaka ishirini na mmoja: miezi kumi na tisa, dola kumi na tano kila mwezi.

"Nyamaza, Kaka Ip," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi najua, na sasa wewe unajua. Tayari tumekuwa wengi."

Akalipa dola 285. Ofisi ikazipokea na kumpa risiti: kuzaliwa, 1928. Faili likabaki na 1926.

Binti yake wa mwisho anamaliza uuguzi mwaka kesho. Karo yake imo ndani ya miaka hiyo miwili anayonyimwa.

Kaka Ip, asante kwa kutufundisha kuhesabu mara mbili kabla ya kumkata mtu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na chai isiyopoa, uanze kuvifaidi Januari 1983.

Mkuu wa Utumishi, kama alizaliwa 1926, mrudishie dola zake 285. Kama ni 1928, Jumatatu yuko mezani kwake. Tunataka mwaka mmoja tu wa kuzaliwa, kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 9.